Ngamia wa Billow Katika Mistari Mitano

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Barua ya kamati ya nyimbo imefika, na mkuu wa shule ameisoma kabla yangu kama kawaida yake. Mwaka jana niliwapelekea wimbo ulioandikwa kwa mkono, wakaurudisha wakisema hausomeki. Mwaka huu wametoa masharti: noti zipigwe kwa mashine, zisizidi kurasa mbili, na zifike Nairobi kabla ya tarehe 10 Desemba. Wimbo utakaopita utaimbwa na shule za nchi nzima kwenye tamasha la mwakani.

Bwana Abdisamad, ndiye mkuu, aliniita ofisini. Yeye ni mtu wa hisabati, na ana sauti fulani ya upole anayoitumia akiwa amekwisha kuamua. Alisema muziki una wanafunzi kumi na mmoja, chumba kikubwa kuliko maabara, na ushindi sifuri. Wimbo ukipita, somo linabaki. Ukirudishwa tena, Januari chumba kinakuwa stoo na mimi nafundisha kilimo, kwa kuwa natoka Taita na kwa hesabu yake kila Mtaita huzaliwa ameshika jembe. Mimi ambaye sukumawiki iliniotea vibaya kwenye kopo.

Nilikasirika mpaka nikala chakula cha mchana mara mbili.

Wimbo ninao. Ni wa mzee Billow, mlinzi wetu wa lango, aliyechunga ngamia upande wa Liboi kabla ya kuja kutulinda sisi. Septemba, kiangazi kikiwa kikali, nilimsikia akiteka maji kwenye kisima cha shule huku akiimba wimbo wa kunyweshea ngamia, nikamrekodi kwenye kaseti. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza kwa muda mrefu akivuta kamba, kisha anaimba mwingine. Kile kimya ndicho kilichonipendeza kuliko wimbo wenyewe. Nimeapa kwamba kitaonekana kwenye karatasi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mjini kuna kompyuta moja ninayoruhusiwa kuigusa. Iko katika ofisi ya mradi wa mifugo, chini ya himaya ya Jelle, karani anayeingiza majina ya wenye ng'ombe waliochanjwa. Amenipa saa nne hadi saa sita asubuhi, jenereta inapowaka. Rafiki niliyesoma naye chuoni alinitumia kutoka Nairobi disketi mbili za programu ya kuchora noti, pamoja na maelezo ya kurasa arobaini.

Nilidhani nitaona ile mistari mitano ya kuandikia noti kwenye kioo, nizipachike kama mtu anavyopachika vifungo. Hakuna kitu kama hicho. Unaandika herufi tupu kama mtu anayepiga telegramu: herufi ya noti, namba ya urefu wake, maneno ya wimbo kando, na kila fungu lifungwe kwa mabano. Ukimaliza unaiamuru isome. Inafikiri kwa muda wa kuchemsha chai, ndipo inachora. Ukitaka kubadilisha sura ya ukurasa, huvuti wala husukumi, unaandika mstari wa amri juu ya faili: noti ziwe na ukubwa gani, mstari uwe na upana gani, hiki kikae mbali kiasi gani na kile. Jelle alinitazama nikihangaika, akaniuliza nimefanya kosa gani shuleni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilisahau kufunga bano moja. Makosa mia mbili na kumi na manne.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefunga bano. Kosa limebaki moja na sijui ni lipi.

Jumanne, 21 Oktoba

Lilikuwa nukta. Ukurasa wa kwanza umetoka, printa ikikereza kama mtu anayesaga meno. Ni mzuri, na ni wa uongo. Kile kimya kimeminywa. Programu hii inaamini kwamba mahali pasipo na noti hapahitaji nafasi, basi mistari yote imesogezwa ikabanana, na mahali pa kimya pamekuwa upenyo wa kupitisha ukucha. Juu ya hayo, maneno ya Kisomali ni marefu, na kila neno refu linaitawanya noti yake, hivyo palipopaswa kubana pamepanuka na palipopaswa kupanuka pamebana.

Nimesoma maelezo kurasa zote arobaini. Ipo amri ya kuongeza nafasi. Inaongeza kila mahali.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua imeanza. Watu wamesimama nje wakilowa kwa furaha, hata Bwana Abdisamad.

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo nilimpelekea Billow ukurasa wake langoni, nikidhani nitampa furaha. Hajui kusoma noti wala herufi, lakini aliushika kwa mikono miwili, akautazama kwa utulivu mkubwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha akauliza nani amewafunga ngamia hivi.

Nilimwambia hizo ni noti. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia anajua, na kwamba wamebanana. Alinionyesha kwa kidole: hapa ngamia wanakunywa, hawa hapa wanangoja, na hawa watatu wamepanda juu ya wenzao na mmoja atavunjika mguu. Mistari mitano ni birika. Vijiti vya noti ni shingo. Nilitaka kucheka lakini alikuwa amepata hasa mahali ambapo noti zilikuwa zimegongana na maneno, kosa ambalo mimi mwenye diploma sikuliona.

Kisha akafika mwanzo wa mstari, akauona ufunguo wa sauti ya juu, ile alama iliyojisokota. Uso ukabadilika.

"Walimu," akasema, "hii chaba ya nani?"

Huku kila ukoo una chapa yake ya kuunguza kwenye ngozi ya ngamia, na alama ile, kumbe, inafanana na chapa ya jamaa fulani wa ng'ambo ya Liboi ambao, katika ujana wake, waliondoka na ngamia wa baba yake. Nami nimeichapa mwanzoni mwa kila mstari, mara sita, mbele ya ngamia wake. Nilijaribu kumweleza kwamba alama hiyo ilitoka Ulaya. Aliuliza iliwafikiaje watu wa Ulaya.

Niligeuza karatasi nikamchorea kwa kalamu ufunguo wa besi. Akauangalia, akatabasamu. Hiyo, alisema, ni kama ya abti zake, ndugu za mama yake, watu wazuri. Hiyo naweza kuweka.

Mwisho akauliza kuhusu zile alama ndogo mwanzo wa mistari. Nikamwambia ni nambari za vipande vya wimbo, programu inaziweka yenyewe: tano, tisa, kumi na tatu. Nilipofika kumi na saba alinirudishia karatasi kana kwamba imemuunguza. Ngamia wa mtu hawahesabiwi kwa sauti mbele ya watu, sembuse kwenye karatasi, sembuse kwenye karatasi inayokwenda Nairobi. Mwanawe yuko na ngamia hao sasa hivi, mvua inanyesha, mito inajaa, naye hajapata habari zao tangu wiki iliyopita.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na kompyuta, na diploma yangu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimehamishia wimbo wote kwenye ufunguo wa besi. Noti zote zikaruka zikakaa mahali pasipo pake, nikazirudisha moja moja. Mtu anayesema kwamba mashine huokoa muda hajawahi kuwa na mashine.

Jumatatu, 3 Novemba

Kuficha nambari za vipande ni mstari mmoja tu wa amri. Nimetumia siku tatu kuupata na sekunde tano kuuandika. Nambari zimetoweka, na kwa sababu ambayo mtengenezaji pekee ndiye anayeijua, jina la wimbo limetoweka nazo.

Jumatano, 5 Novemba

Jina limerudi. Limerudi mara mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Mto Tana umevunja kingo. Barabara ya Nairobi imekatika, na upande wa pili wa daraja ni ziwa. Malori yamesimama Madogo, ng'ambo ya mto, yamejaa vitu vyetu tusivyoviona. Shuleni vyoo vimefurika, kisima kimeingiwa na maji ya matope na kufungwa kwa mbao. Wanafunzi wa kidato cha nne wanafanya mtihani wakiwa wamepandisha miguu juu ya madawati.

Ijumaa, 14 Novemba

Paa la ofisi ya mkuu limebomoka. Chumba kikavu kuliko vyote shuleni ni cha muziki, kwa hiyo Bwana Abdisamad amehamia humo na makabati yake manne, mihuri, na bendera. Hakuomba ruhusa. Amepanga makabati kama ukuta katikati ya chumba, na nyuma yake anakohoa. Nikasema stoo imeanza mapema. Akasema yeye si mtu wa kungoja Januari.

Jumanne, 18 Novemba

Leo alitoka nyuma ya makabati na rula mkononi, akapima nafasi za noti zangu bila kuombwa. Alisema uwiano wangu ni mbovu: kama noti ndefu ni mara nne ya noti fupi, haiwezi kupewa nafasi mara nne, mstari utaisha kabla ya wimbo. Nafasi iongezeke kidogo kidogo kila urefu unapokuwa maradufu. Akaniandikia namba za kutia kwenye faili kwa kalamu yake nyekundu.

Nilizijaribu kwa Jelle kwa nia ya kumwonyesha kwamba amekosea. Noti zilikaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nimemwambia kwamba zimesaidia kiasi.

Alhamisi, 20 Novemba

Kaseti imelowa. Imetoa sauti ya mbuzi, kisha haikutoa sauti yoyote. Sasa kimya changu, ambacho bado sijakipata sawasawa kwenye ukurasa, sina tena pa kukipimia.

Nilimwomba Billow aniimbie nipime kwa saa ya mkononi. Alikataa. Wimbo wa kisima ni wa kiangazi. Mvua ikinyesha ngamia hawaji kisimani, na mtu mzima hawezi kusimama katikati ya maji akaimba kuomba ndoo. Watu watasema nini. Isitoshe, alisema, bila kamba mkononi hawezi hata kuukumbuka.

Jumatatu, 24 Novemba

Niandike yote kwa utaratibu.

Nilimpata Billow kwa hila. Nilipitisha kamba juu ya boriti ya chumba cha muziki, nikafunga ndoo, nikaijaza mchanga. Nikamwambia kwamba humu ndani hakunyeshi, milango imefungwa, na kwa hiyo humu ni kiangazi. Alifikiri juu ya hoja hiyo kwa muda, akaikubali kwa masharti kwamba asionekane. Bwana Abdisamad alikuwa nyuma ya makabati yake akisahihisha karatasi za kidato cha pili, lakini sikumtaja, na Billow hakumwona.

Alishika kamba. Mara mikono ilipopata uzito, wimbo ukaja wenyewe, mstari wa kwanza wote, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mbali. Ndoo ikapanda. Boriti yetu haizidi mita tatu na nusu, kwa hiyo ndoo ilifika juu mara moja, ikagonga mbao, ikaning'inia. Lakini Billow alikuwa bado amenyamaza. Amesimama na kamba mkononi, kichwa ameinamisha, na saa yangu inahesabu: sekunde tano, sita, saba.

Nikamuuliza anangoja nini, na ndoo imeshafika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufumba macho akilala.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya makabati. Nzito, ya kukwaruza, chini kabisa, haina mazoezi hata kidogo. Iliimba mstari ambao sijawahi kuusikia, maneno mengine, sauti nyingine, na ukaisha sekunde ileile ambapo Billow, bila kugeuka wala kushangaa, aliingia na mstari wake wa pili. Wakaendelea hivyo hadi mwisho. Mmoja anaita, mmoja anajibu, na kimya changu hakikuwapo popote.

Walipomaliza, Bwana Abdisamad alitokeza na kalamu nyekundu mkononi na miwani imepanda kwenye paji la uso. Alionekana kama mtu aliyekutwa jikoni.

Alinieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Wimbo huu ni wa watu wawili. Mmoja yuko juu, anavuta. Mwingine yuko chini ndani ya kisima, anajaza. Kule El Wak alikokulia, yeye alikuwa mwembamba kuliko kaka zake, kwa hiyo ndiye aliyeshushwa. Alikaa chini ya visima mpaka alipopelekwa shule.

"Kule chini huoni ngamia hata mmoja," alisema. "Unasikia wimbo tu. Ukiitwa lazima ujibu, Madam. Usipojibu, wa juu anajua umezama."

Nikamgeukia Billow, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kuna mtu wa pili.

"Hukuuliza," akasema. "Na kila mtu anajua. Sebtemba nilikuwa beke yangu, nani atajibu? Nilimuachia nafasi yake."

Kwa hiyo mwezi mzima nimekuwa nikisoma maelezo, nikiandika amri, nikigombana na mashine ili kimya kile kipanuke, na nilichokuwa nikikipanua kwa sentimita ni maiti ya mtu. Niliona aibu, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Abdisamad naye alicheka. Sikujua kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Ijumaa, 28 Novemba

Safu mbili za mistari mitano, moja juu ya nyingine: wa juu juu, wa kisimani chini. Nimemwimbisha mkuu wa shule mara kumi na mbili nikiandika sehemu yake. Anataka kila mara kujua noti ni robo ngapi.

Programu haikubali kirahisi. Inataka kuficha safu isiyo na noti ili kuokoa karatasi, kwa hiyo mtu wa kisimani anapongoja zamu yake inamfuta. Abdisamad alipouona ukurasa huo alisema hivyo ndivyo watu walivyozama. Nimepata amri ya kuizuia. Iko ukurasa wa thelathini na tisa, kwenye maandishi madogo ya chini.

Jumanne, 2 Desemba

Kurasa mbili kamili. Billow amezikagua langoni chini ya mwavuli wangu. Ngamia wana nafasi, chapa ni ya abti zake, hakuna aliyehesabiwa. Aliuliza birika la pili ni la nini. Nikamwambia ni la mkuu wa shule. Alisema hapo sawa.

Ijumaa, 5 Desemba

Barabara hakuna. Bahasha imeondoka na ndege ya miraa iliyokuwa ikirudi Nairobi tupu. Rubani alinikumbusha mara mbili kwamba yeye si Posta.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Gwaride lilifanyika ndani ya matope. Nilikwishajua kwamba sitafika nyumbani Wundanyi Krismasi hii, lakini leo ndiyo siku niliyolia.

Jumanne, 16 Desemba

Nimeitwa Posta, ambako simu moja bado inafanya kazi. Alikuwa katibu wa kamati, mama mwenye sauti ya haraka. Wimbo wamependa. Umebaki pamoja na nyingine mbili, na watachagua mmoja. Lakini ukurasa hauna nambari za vipande, na kwaya haiwezi kufanya mazoezi bila nambari: mwalimu akitaka kurudia mahali, atasema turudi wapi? Niurekebishe, mkuu wa shule aweke sahihi na muhuri, ufike kabla ya tarehe 22. La sivyo wimbo unatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Jelle. Nambari zilikuwa zimefichwa kwa mstari mmoja. Niliufuta. Sikuhitaji hata kukaa. Printa ikasaga, nambari zikarudi zote kama askari: tano, tisa, kumi na tatu. Billow hajui kusoma. Kurasa hizi zitafika Nairobi na hatazitia machoni maisha yake yote. Hayo nilijiambia njiani, mara nyingi kuliko mtu asiye na hatia anavyohitaji kujiambia.

Nikaziweka mbele ya Bwana Abdisamad kwa sahihi. Alivaa miwani, akasoma, akaona nambari, akavua miwani.

Alisema hatatia sahihi.

Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kwamba yeye ni mtu wa hisabati, kwamba maisha yake yote ni nambari, kwamba ni yeye aliyeniwekea kisu hiki shingoni mwezi Oktoba, na kwamba mzee hatajua kamwe.

"Mimi nitajua," alisema. "Ngamia wa mtu hawatangazwi hesabu, na mtoto wake yuko nao kwenye mafuriko. Mimi nimekunywa nao maji ya kisima, Madam. Siweki muhuri hapo."

Nikamuuliza kama basi wimbo urudishwe na muziki ufungwe. Alisema alitoa neno lake Oktoba na neno lake liko palepale. Nilimtazama mtu huyu anayekataa kuokoa somo analotishia kulifunga, na sikujua nimrushie kiti au nimsalimie kwa mikono miwili. Nilipiga mlango.

Jumatano, 17 Desemba

Sikula. Saa tatu asubuhi nilikwenda langoni nikamwambia Billow ukweli wote, hata sehemu ya printa. Akauliza nambari hizo za nini hasa, na hilo, baada ya miezi miwili, ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Nikamweleza: mwalimu wa kwaya akitaka watu warudie, awe na neno la kuwaambia warudi wapi.

"Basi kwa nini anaita nambari?" alisema. "Mimi nikitaka ngamia arudi kwa maji, naita jina yake."

Nilimshika mkono, jambo ambalo halifai, nikaachia haraka, nikaomba radhi. Nikatoa kalamu. Mistari ni sita. Alinipa majina sita taratibu, moja moja, akitazama upande wa Liboi: Barwaqo, Hodo, Qamar, Sagal, Dahabo, Ubah. Hakusema kama wapo zaidi ya hao, nami sikuuliza.

Kwenye programu ni amri moja ya kuweka maneno juu ya mstari, na nyingine ya kuyasogeza kushoto yasigongane na ufunguo. Jelle alikuja kuangalia na kusema hii ndiyo orodha ya mifugo nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye printa yake. Bwana Abdisamad alisoma majina yote sita kwa sauti ya chini, akatia sahihi, akapiga muhuri mara mbili.

Alhamisi, 18 Desemba

Ndege ya miraa. Rubani ameanza kunisalimia kwa jina.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Kidole cheusi kwa wino wa kura. Kutoka Nairobi hakuna neno.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani imeingia. Sifungi, lakini mchana nakunywa maji nikijificha nyuma ya makabati ya mkuu, ambayo bado yamo chumbani mwangu.

Jumatatu, 5 Januari

Mwana wa Billow amefika kwa miguu, amekonda, na matope hadi magotini. Kuna maradhi ya mifugo kila mahali na watu wameambiwa wasile nyama. Baba na mwana walikaa kibandani wakinong'ona muda mrefu. Billow alipotoka alisema alhamdulilahi, akafungua lango, akalifunga. Hicho ndicho nilichojua, na kinatosha.

Ijumaa, 9 Januari

Bwana Abdisamad anaandika ratiba ya muhula. Nilichungulia. Muziki uko Jumatatu saa mbili, kwa penseli. Kilimo kiko saa hiyohiyo, pia kwa penseli, na jina langu liko katikati.

Jumanne, 13 Januari

Mtoto wa Posta alikuja akikimbia darasani. Nilikimbia naye kwenye matope na viatu mkononi, mwanamke wa miaka thelathini na minane.

Katibu alikuwa tayari kwenye simu, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakipiga kelele za mazoezi. Hakunisalimia. Alisema, "Mwalimu, tusaidie. Sehemu ya chini wanachelewa kuingia kwa Sagal. Kila siku ni kwa Sagal. Kuna kosa kwenye karatasi?"

Nikauliza je, maana yake wimbo umepita. Akaniuliza kama si hivyo, kwa nini wamekuwa wakitoa nakala tangu jana za kutuma kwa shule zote.

Niliwapata wote wawili langoni. Bwana Abdisamad alikuwa amesimama na Billow akisubiri, ingawa alidai alikuwa akikagua bawaba. Nilimwambia kwanza yeye. Alitoa ratiba mfukoni, akaiegemeza kwenye nguzo ya lango, akaandika muziki juu ya penseli kwa wino. Kisha akajifuta miwani ambayo haikuwa imelowa.

Nikamgeukia Billow, nikamwambia kwamba Nairobi wanaimba, watu wengi, ila wanachelewa kwa Sagal, na katibu anauliza kosa liko wapi.

Billow alicheka mpaka akashika lango.

"Hakuna kosa," akasema. "Mwambia asigombeze hao watu. Sagal hata kwa kisima anakuja mwisho."